Wapishi wa Ngoma ya Mwali

Kosa letu lilikuwa kumbembeleza baba.

Tulikwenda kwa baba yake yule binti Jumamosi tatu mfululizo, na mara zote tatu alikubali. Alikubali hata kabla hatujamaliza kuamkiana. Alituletea vigoda, akaagiza mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai, akatusikiliza kwa utulivu wa mtu anayesikiliza mahubiri, kisha akasema, "Mtoto lazima asome. Nani anabisha? Mimi sibishi." Tukateremka mlimani tunacheka na kusukumana, mwenyekiti wetu wa kikundi akiimba kwa sauti ya kukwaruza. Wiki ikapita. Binti yuko ndani vilevile.

Wakati huo mimi nilikuwa mwezeshaji. Cheo hicho nilipewa baada ya mafunzo ya siku tano katika ukumbi wa hoteli pale Morogoro mjini, pamoja na mkoba, kalamu nne nene za rangi na kitini chenye picha. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata miwa Mtibwa, nimeuza mitumba siku za gulio, nimeita abiria Msamvu mpaka sauti ikakauka. Miguu yangu haijui kukaa. Mama, ambaye ameishi Mwembesongo nyumba moja tangu aolewe, huwa anawaambia majirani kwamba mimi nilizaliwa nimesimama. Shirika moja lilipotafuta watu waliomaliza kidato cha nne na wanaoijua Milima ya Uluguru, niliomba. Cheti ninacho. Milima niliijua kwa likizo za utotoni kwa bibi, nikala mafenesi, nikaota upele, nikarudi mjini. Nilihesabu kwamba inatosha.

Kikundi changu kilikutana Jumamosi alasiri kwenye ghala tupu la mananasi, katika kijiji kimoja juu ya Mkuyuni. Vijana walikuwa ishirini na kitu, wa kuanzia miaka kumi na nne hadi ishirini na miwili. Tulijadili haki za mtoto na usawa wa kijinsia, na tulijadili kwa kelele mpaka watu wa bonde la pili wakadhani tunagombania mpira. Mwenyekiti alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo. Katibu alikuwa binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akishona nguo kwenye baraza la duka, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake.

Siku moja niliwapa zoezi la kuchora saa ya siku nzima, kila mtu aandike anafanya nini tangu kuamka hadi kulala. Katibu akapewa kazi ya kusoma.

"Hii ni ya mwenyekiti," akasema. "Saa tisa alasiri, kupumzika. Saa kumi, kupumzika. Saa kumi na moja, kuendelea kupumzika."

"Hiyo ya mwisho ni tofauti," mwenyekiti akajitetea. "Pale nakuwa nimegeuka upande wa pili."

"Na maji ya kuoga yanatoka wapi?"

"Yanakuwepo."

Ghala zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akasimama kueleza kwamba mwanaume akibeba ndoo kichwani shingo inaingia ndani. Katibu akamtazama toka juu hadi chini. "Yako imeshaingia," akasema, "na ndoo hujaigusa."

Mdogo kuliko wote alikuwa binti wa miaka kumi na nne, ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Hakuwa mwongeaji, lakini akifungua kinywa unatamani ungekuwa umesoma zaidi. Aliniuliza siku moja, "Ticha, kama mtoto ana haki ya kusikilizwa, wakamsikiliza, halafu wakakataa, haki inakuwa imeisha hapo?" Nikakifungua kitini. Nikakifunua mbele na nyuma. Nikasema tutalijadili wiki ijayo. Wiki ijayo hakuja, na iliyofuata hakuja, tukaambiwa amekuwa mwali.

Huku kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Bibi yake anamfunda, anakaa hatoki, hasemi kwa sauti, hamtazami mtu usoni, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma. Zamani walikaa mwaka na zaidi. Siku hizi watu wengi wanafanya kwa wiki chache za likizo ya shule, na mimi sikuwa na ugomvi na hilo. Ugomvi ulikuja Desemba, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yalipobandikwa, na lake likiwamo. Shule inafungua Januari. Ukoo wake ulikuwa umeshapanga kumtoa baada ya mavuno, Juni au Julai. Na shule ilishatangaza kwamba ambaye hataripoti hadi Jumatatu ya mwisho ya Januari, nafasi yake atapewa mwingine.

Katibu, kwa kuwa ni msichana, aliruhusiwa kuingia kumsalimia. Akatoka macho mekundu.

"Amekuambia nini?" tukamuuliza.

"Hasemi, ananong'ona. Fomu ya shule iko chini ya mkeka. Anaisoma kila siku. Ameikariri yote, mpaka maneno ya kwenye mhuri."

Basi ndiyo tukaanza safari za kwa baba. Ile Jumamosi ya tatu, baada ya kukubali tena, yule mzee aliweka kikombe chini akatutazama kwa huruma.

"Wanangu, mimi nimekubali tangu siku ya kwanza. Lakini mbona hamwendi kumuuliza mwenyewe?"

"Mwenyewe nani, baba?"

"Mjomba wake. Mimi hapa nimeoa tu. Hata hicho kigoda ulichokalia ni cha ukoo wa mke wangu."

Sijui kama niliwahi kuona aibu tamu kama ile. Sisi sote pale ni Waluguru. Sote tunajua kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama, kwamba shamba ni la ukoo wa mama, na kwamba neno la mwisho juu ya mpwa analo mjomba. Tunajua kabla ya kujua kutembea. Lakini kitini kilikuwa na picha ya baba ameshika fimbo na mama ameshika sufuria, na sisi tulikuwa tumekisoma kwa bidii mpaka tukasahau kwetu.

"Kitini kinasema mwenye maamuzi ni baba," nikanong'ona njiani.

"Ticha," mwenyekiti akasema, "hicho kitini kimeandikwa na mtu asiye na mjomba."

Tulicheka mpaka katibu akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Kisha akakumbuka tarehe, akainuka, akakung'uta nguo, tukaendelea kuteremka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Mjomba alikuwa akiishi juu zaidi, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwenye mgongo wa mlima ambako ukungu unakuja kukaa nawe kama jirani. Tulikwenda watatu, mimi, mwenyekiti na katibu. Mvua ilikuwa imeifanya njia kuwa sabuni. Mwenyekiti alianguka mara nne na kila mara alieleza kwamba ameangusha kitu. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Hewa ilinukia majani ya mdalasini, vijito vilikuwa vinapiga kelele kila kona, na mimi nilihisi kama mtu aliyerudishiwa likizo zake zote kwa mpigo. Nimeshahama mara mbili tangu wakati ule, na haya nayaandika nikiwa Turiani, kwenye tambarare ya mpunga na miwa. Lakini nikifumba macho bado naisikia ile njia chini ya nyayo, ikiteleza.

Tulimkuta akilima magimbi. Mzee mfupi, mgumu, mwenye shati lililofungwa kifungo kimoja. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka.

"Wewe wa mjini," akaniambia. "Mama yako ukoo gani?"

Nikautaja.

Jembe likaanguka. Mzee akapiga makofi, akacheka, akanijia mbio, akaninyang'anya kofia kichwani na kuivaa yeye. "Mtani!" akapiga kelele. "Mtani wangu! Kumbe ndiyo maana unanuka!"

Ambaye hajakulia huku huenda akadhani ni matusi. Koo zetu zina watani, na mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kitu chako, kukuharibia shughuli, na wewe huna pa kushtaki. Nilikuwa sijataniwa hivyo tangu bibi alipofariki. Nikajikuta najibu kama ulimi ulikuwa umelala unasubiri.

"Vaa tu, mzee. Angalau leo kichwa chako kimepata kitu ndani."

"Ukoo wenu mnaogopa hata kivuli cha mgomba!"

"Na nyie mgomba ukianguka mnapiga yowe la msiba!"

Katibu alitusubiri, mikono kiunoni. "Wazee wangu," akasema mwishowe, "mkimaliza, tuna mtoto wa kumwongelea."

Mjomba akakaa juu ya jiwe, kofia yangu imemfunika mpaka nyusi. Akatushangaza. Hakuwa anapinga shule hata kidogo.

"Shule naitaka kuliko nyie. Mimi mwenyewe niliishia la nne. Lakini mwali atoke bila ngoma? Atoke kama kuku anayefunguliwa banda? Atachekwa mpaka anazeeka."

"Basi achezewe ngoma sasa, Januari," katibu akasema.

"Januari wanawake wote wako shambani tangu alfajiri. Ngoma ya mwali inachezwa na wanawake. Wakicheza, nani atapika? Wakipika, nani atacheza? Ndiyo maana tunasubiri mavuno, watu wakiwa na nafasi."

Hoja ilikuwa nzito, na kitini hakikuwa na picha yake. Ndipo mwenyekiti, ambaye akili yake huwa inafuata nyuma ya mdomo, akasema, "Sisi tutapika."

"Sisi nani?"

"Wavulana wa kikundi. Na ticha."

Katibu aligeuka akamtazama kama mtu aliyeona mbuzi anasoma gazeti. Mjomba alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye jiwe. Alipoweza kuvuta pumzi, akanyoosha kidole.

"Haya. Jumamosi ya wiki ijayo. Ndizi natoa mimi, maharage natoa mimi. Baba yake atoe nazi. Lakini wanaume watupu. Mnatufundishia watoto kwamba mwanaume anaweza kupika, tuone. Mwanamke akigusa mwiko, au sufuria, au kuni, ngoma imevunjika, na mwali anarudi ndani mpaka mavuno."

Tukapeana mikono. Kofia hakunirudishia.

Wiki ile katibu ndiye aliyekuwa mwezeshaji. Alitupanga mstari ghalani, wavulana tisa na mimi, akainua kipande cha mti. "Somo la kwanza. Huu ni mwiko." Wasichana wenzake walikaa juu ya makreti wakitupa alama. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, nimekula ndizi katika mikoa sita, na sikujua kwamba ndizi mbichi haimenywi kwa mikono mikavu. Utomvu wake ukikukamata, ngozi inakuwa nyeusi kama umeiba mkaa. Walijua, wakanyamaza, wakatuacha tumenye mkungu mzima. Kisha katibu akatoa chupa ya mafuta ya kula mfukoni mwa aproni.

"Tungewaambia mapema," akasema, "lakini sisi nasi hatukuambiwa."

Mikono yangu ilibaki na mabaka wiki tatu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha asubuhi, kuni zikalowa. Tulikuwa na majiko manne ya mafiga nyuma ya nyumba ya bibi yake mwali, na moshi uliotoka pale ungeweza kuonekana Morogoro mjini. Mjomba aliweka kigoda chake katikati, kofia kichwani, akiwa askari wa mwiko. Wanawake walirudi kutoka mashambani saa sita, wakaoga, wakajifunga kanga, na kabla ya kwenda kucheza kila mmoja alipita kuangalia.

"Jamani njooni muone! Wanaume wanalia!"

"Ni moshi, shangazi," mwenyekiti akasema, machozi yanamiminika.

"Na sisi huwa ni moshi, mwanangu. Miaka yote."

Ngoma zikaanza mbele ya nyumba. Nazisikia mpaka leo: ngoma ndogo inauliza, kubwa inajibu. Vigelegele vikapanda. Sisi huku nyuma tunakimbizana na vifuniko, huyu anapuliza moto, yule ametia chumvi mara ya pili kwa sababu hakuna aliyekumbuka kama ya kwanza ilitiwa. Baba wa binti alikuja na nazi zake, akavua shati, akaketi kwenye mbuzi akaanza kukuna. "Hapa," akaniambia huku akitabasamu, "leo ndiyo najisikia mwenyeji."

Halafu wakamtoa mwali. Walimleta kupitia uani, amebebwa mabegani mwa mwanamke mmoja mwenye nguvu, amepakwa mafuta anang'aa, kanga mpya, kichwa kimeinama, macho chini kama alivyofundwa. Wanawake wote walikuwa nyuma yake wakiimba. Na wakati huohuo figa moja la sufuria kubwa, lile la ndizi za nazi, likazama kwenye matope.

Sufuria likaanza kuinama. Taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani.

Mama wa mwali alikuwa karibu kuliko wote. Mkono wake ukatoka wenyewe. Miaka ya kuokoa masufuria haikumpa nafasi ya kufikiri. Katibu akamdaka kiunoni. "Mama, usiguse! Shule!" Watu wakapiga kelele, usiguse, usiguse, na mama wa watu amenyoosha vidole hewani kiganja kimoja tu kutoka kwenye chuma. Mwenyekiti na wenzake watatu wakalirukia sufuria kwa majani ya mgomba. Mimi nikakimbia kutoka upande wa pili kwenda kusaidia, nikakanyaga rundo la maganda, na nikaondoka ardhini. Niliruka, nasema kweli. Nilitua kwa makalio katikati ya maganda, mwiko umesimama mkononi kama mwenge, na bakuli la tui likanifuata kichwani.

Sufuria lilisimama. Na juu ya mabega ya yule mwanamke, mwali akacheka.

Hakucheka kwa kuficha. Alicheka kicheko kirefu cha mtoto, kimepanda mpaka kwenye miti. Ngoma zikakatika. Mwali hacheki, siku ya kutoka hafumbui hata midomo. Bibi yake akaweka mkono kinywani. Wote wakamgeukia mjomba. Akainuka kigodani polepole, na mimi nikaona Jumatatu inaondoka, fomu inabaki chini ya mkeka.

"Nani amemchekesha mwali?"

"Mimi," nikasema toka kwenye maganda. Tui lilikuwa linanidondoka puani.

"Wewe nani?"

"Mtani wako."

Akanitazama. Akatazama sufuria, akamtazama dada yake, ambaye mikono yake bado ilikuwa hewani, safi, haijagusa kitu. Midomo ya mzee ikaanza kucheza kwa kicheko alichokizuia.

"Mtani," akawatangazia watu wote, "hana kosa. Pigeni ngoma!"

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Walicheza mpaka jua likashuka nyuma ya mlima, kisha wakala. Ndizi za chini zilikuwa zimeungua na za juu zilinukia moshi, lakini tui lililobaki lilizisitiri. Maharage ndiyo yalikuwa msiba. Bibi wa mwali aliyatafuna kwa muda mrefu, watu wakimsubiri.

"Maharage haya," akasema, "nayo yamefundishwa haki zao. Yamekataa kulazimishwa."

Akaomba kuongezewa.

Jumatatu tulimsindikiza, nusu ya kikundi na nusu ya ukoo. Mjomba alitangulia na jembe na fagio vilivyotakiwa na shule, baba akabeba ndoo yenye madaftari. Binti alivaa sare iliyoshonwa na katibu kwa siku mbili, pindo refu ili ikue naye. Njia nzima hakusema. Alikuwa ametoka ndani juzi tu na shingo yake ilikuwa bado inatafuta jinsi ya kuinuka. Mimi nilianza kuogopa. Niliwaza labda tumemharakisha, labda amefika lakini ameachwa nyuma mahali fulani.

Chini ya paa la ofisi palikuwa na meza, na mwalimu wa zamu akiandikisha. Foleni ilikuwa ya watoto waliochelewa kama yeye, wote wananong'ona, wote wanatazama viatu. Zamu yake ikafika.

"Jina?" mwalimu akauliza bila kuinua kichwa.

Ukiacha kile kicheko, alikuwa hajatumia sauti yake tangu Septemba alipowekwa ndani, na alikuwa amesahau ina ukubwa gani. Akalitaja jina lake, la kwake, la baba na la babu, kwa sauti iliyowafanya njiwa waruke kutoka kwenye paa na wanafunzi wa kidato cha kwanza mpaka cha mwisho watoe vichwa madirishani. Mwalimu aliangusha kalamu.

"Nimesikia," akasema. "Kaa pale mbele."

Akaenda, akakaa pale mbele.